Sura ya Sita: Je, Kompyuta Yangu Yaweza Kupokea Televisheni Bila King'amuzi?

Miongoni mwa maswali ambayo wenye kompyuta za Linux mkoani Kagera hawachoki kuuliza, liko moja linalosemwa kwa maneno mbalimbali, ilhali maana yake haibadiliki: je, yawezekana kutazama televisheni kwenye kompyuta hii hii niliyo nayo, bila kununua televisheni, bila king'amuzi, na bila kumaliza bando la intaneti? Huliuliza mwalimu wa sekondari wa Kamachumu, ambaye kompyuta ya mapajani ndiyo mashine pekee ya thamani chumbani mwake. Huliuliza mwanafunzi aliyepanga chumba Bukoba mjini. Huliuliza mwenye duka la kuchapa nyaraka hapo Muleba, ambaye jioni angependa kusikia taarifa ya habari ya saa mbili usiku kabla hajafunga mlango wake na kwenda nyumbani.

Jibu ni kwamba yawezekana, lakini kwa masharti manne, na sharti moja likikosekana, mengine matatu hayafai kitu:

1. Mawimbi ya televisheni yawe yanafika mahali ulipo.
2. Kifaa cha kuyapokea kiwe cha aina inayoyafahamu mawimbi ya nchi yetu.
3. Linux iwe inakitambua kifaa hicho.
4. Idhaa unayoitaka iwe imerushwa wazi, bila kufungwa kwa ufunguo.

Kifaa chenyewe ni kidude kidogo, chenye umbo la flashi ya kuhifadhia mafaili, kinachochomekwa kwenye tundu la USB upande mmoja na kupokea waya wa antena upande wa pili. Katika sura hii tutakiita kipokezi. Watu wengi waliokinunua na kukitupa kabatini waliamini kuwa ni kibovu, hali aghalabu kilichokosekana ni sharti mojawapo katika hayo manne, ambalo hawakulijua na wala hapakuwa na mtu wa kuwaeleza. Kusudi la sura hii ni kumpa msomaji njia ya kujua, pasipo kubahatisha, ni sharti lipi limekosekana na afanye nini.

Kwa nini tusitazame kwa intaneti tu?

Hesabu fupi yatosha kujibu. Picha ya kawaida ya televisheni, isiyo ya ubora wa juu sana, yaweza kuhitaji takriban megabiti 2 kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Zidisha, kisha gawanya kwa 8 ili upate megabaiti, nawe utaona kwamba saa moja ya kutazama hula megabaiti 900, yaani karibu gigabaiti nzima. Anayetazama taarifa ya habari na mchezo mmoja wa mpira kwa siku atakuwa ametumia gigabaiti mbili au tatu kabla hajafungua barua hata moja.

Mawimbi ya mnara wa televisheni hayana hesabu hiyo. Mnara hurusha mara moja, na atakayepokea hupokea, awe mtu mmoja au laki moja, wala hakuna kinachopungua kwa yeyote. Fauka ya hayo, umeme ukikatika, kompyuta ya mapajani huendelea kwa betri yake, na kipokezi cha USB hunyonya umeme mdogo sana, kwani tundu la kawaida la USB limekadiriwa kutoa wati 2.5 tu. Katika vijiji ambako umeme hauaminiki na bando ni ghali, hiyo ni faida ambayo haifai kudharauliwa.

Mawimbi ya zamani na mawimbi ya sasa

Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, na Tanzania Bara ikakaa bila televisheni yake mpaka mwaka 1994, zilipoanza stesheni za watu binafsi, ITV ikiwa mojawapo. Zote hizo zilianza kwa mfumo wa analojia, ambao idhaa moja hujichukulia njia nzima ya mawimbi kwa ajili yake peke yake, na mtazamaji aliye mbali huona picha yenye chenga, lakini huiona. Mwaka 2006 mataifa yalikutana Geneva na kukubaliana kuuacha mfumo huo, yakaweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wake kwa sehemu kubwa ya masafa. Tanzania haikungoja siku hiyo: usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa zamu.

Mfumo uliochukua nafasi yake ni wa dijitali. Badala ya kurusha picha yenyewe, mnara hurusha tarakimu zinazoielezea picha, na idhaa nyingi hufungwa pamoja katika njia moja ya mawimbi. Fungu hilo la idhaa huitwa maltipleksi. Mfano wake ni lori la ndizi linaloondoka Muleba kwenda mjini: lori ni moja na barabara ni moja, lakini mikungu iliyomo ni ya wenyewe mbalimbali, kila mmoja una alama yake, na kazi ya mpokeaji ni kulifikia lori kwanza, ndipo atafute mkungu wake. Kwa sababu hiyo, kipokezi kikikamata maltipleksi moja, idhaa zake zote huonekana kwa pamoja; na kikiikosa, hukosekana zote kwa pamoja.

Mfumo wa dijitali una vizazi viwili vya kurusha kutoka minarani. Cha kwanza huitwa DVB-T, na cha pili, chenye uwezo wa kubeba idhaa nyingi zaidi katika njia ile ile, huitwa DVB-T2. Mwaka 2010 nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana kuchagua DVB-T2. Hapa ndipo fedha za watu wengi zilipopotelea, maana kipokezi cha kizazi cha pili huyafahamu mawimbi ya kizazi cha kwanza, bali kipokezi cha kizazi cha kwanza hakiyafahamu kabisa ya kizazi cha pili, hata kiwe kizima na kipya.

*Kwa ufupi:* njia moja ya mawimbi hubeba idhaa nyingi; mfumo wa leo ni wa dijitali; na anayenunua kipokezi ahakikishe kimeandikwa DVB-T2, si DVB-T peke yake.

Kuchagua kipokezi

Muuzaji mwema atakuruhusu usome maandishi yaliyo juu ya boksi kabla ya kutoa fedha. Yasome kwa kuzingatia mambo matatu.

La kwanza ni herufi T2, kama tulivyokwisha kueleza. La pili ni kwamba herufi S na S2 ni za dishi. Wengi katika Kagera wana madishi juu ya mapaa yao, na hudhani kuwa waya wa dishi waweza kuingizwa katika kipokezi cha T2 kikafanya kazi. Haiwezekani. Dishi hupokea mawimbi ya setilaiti, ambayo ni ya masafa mengine na ya mpangilio mwingine, na kipokezi cha mnarani hakina namna ya kuyasoma.

La tatu ni chipu iliyomo ndani, yaani kile kipande kidogo cha elektroniki kinachofanya kazi yote. Kampuni ya Realtek ya Taiwan ilitengeneza chipu iitwayo RTL2832U, ambayo peke yake ni ya DVB-T tu. Mnamo mwaka 2012 mafundi wa Linux walifichua kwamba chipu hiyo yaweza kutoa mawimbi mabichi yaliyokamatwa na antena, na tangu hapo vipokezi vyake vikapata umaarufu mkubwa kwa wapenda redio, wanaovitumia kusikilizia ndege, meli na mengineyo. Ni vifaa vizuri kwa kazi hiyo, lakini mtu akiuziwa kimojawapo kwa ajili ya televisheni ya Tanzania atakuwa ameuziwa kisichomfaa. Vipo vingine, mathalan vile vya Astrometa, ambavyo huchanganya chipu ya Realtek na chipu ya pili yenye kuelewa DVB-T2, navyo hutambuliwa na Linux. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tafuta jina la kipokezi hicho pamoja na neno Linux, usome waliokitumia walisema nini. Dakika chache za kusoma huokoa fedha na majuto.

Antena, ambayo ndiyo nusu ya kazi

Mtu akiniuliza ni wapi aweke fedha yake ya mwisho, kwenye kompyuta bora au kwenye antena bora, nitamjibu bila kusita kwamba aiweke kwenye antena. Kompyuta ya miaka kumi iliyopita yaweza kuonyesha picha nzuri ikipewa mawimbi mazuri, lakini kompyuta mpya iliyonyimwa mawimbi haina la kufanya.

Mawimbi ya televisheni hupenda kwenda kwa mstari ulionyoka, na nchi ya Bukoba na Muleba haikuumbwa kwa mistari iliyonyoka. Ardhi yake ni ya matuta marefu yanayofuatana sambamba na ufuko wa Ziwa Viktoria, na baina ya tuta na tuta kuna bonde. Anayekaa kileleni, mathalan juu ya uwanda wa Kamachumu, aweza kupokea mnara wa mbali, ilhali ndugu yake aliye bondeni, karibu zaidi na mnara ule ule, hapati kitu, kwa kuwa kilima kimesimama kati yake na mawimbi.

Iko kanuni sahali ya kukisia mwisho wa safari ya mawimbi mahali pasipo vilima, kama vile juu ya maji. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha mnara kwa mita, ujumlishe kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako, kisha uzidishe jumla kwa 4.1, utapata kilomita. Tuseme mnara una mita 100, kipeuo chake ni 10. Antena yako iko mita 9 juu, kipeuo chake ni 3. Jumla ni 13, na ukizidisha kwa 4.1 unapata kilomita 53 na ushei. Kutoka Bukoba mjini hadi Muleba mjini, ukipima kwa mstari ulionyoka, ni zaidi ya kilomita 50. Basi ni dhahiri kwa nini mtu wa Muleba, au mvuvi wa visiwa vya Bumbire na Goziba, hana budi kuinua antena yake juu kadiri awezavyo, na kwa nini yule wa mjini aliye karibu na mnara huridhika na kijiti kidogo kilichokuja na kipokezi.

Haya ndiyo ya kuzingatia wakati wa kusimika antena:

- Tazama antena za majirani wanaopata picha nzuri. Upande zilikoelekea ndiko uliko mnara. Na vijiti vyake vikiwa vimelala, laza na vyako, vikiwa vimesimama, simamisha na vyako.
- Usiiweke antena chini ya paa la bati, kwa maana bati huyazuia mawimbi.
- Iinue juu ya migomba. Kibanja kilichostawi huizingira nyumba kwa majani mapana, na majani hayo yakiloa mvua hupunguza nguvu ya mawimbi. Hiyo ni sababu mojawapo ya picha iliyokuwa njema asubuhi kuganda jioni baada ya mvua.
- Tumia waya wa antena wa ohmu 75 usio na viungo vingi, kwa sababu kila kiungo hupoteza sehemu ya nguvu.
- Tumia waya wa kurefusha USB, walau wa mita moja, ili kipokezi kikae mbali kidogo na kompyuta, taa za bei nafuu na chaja, ambavyo vyote hutoa kelele ya umeme inayovuruga mawimbi dhaifu.

Kwa aliye mjini na asiye na antena, nyaya mbili za shaba zenye sentimita 13 kila moja, zilizonyoshwa kuelekea pande mbili zinazokabiliana, moja ikiunganishwa na kiini cha waya wa antena na nyingine na wavu wake wa nje, hufanya antena halali ya majaribio. Urefu huo haukutoka hewani: katikati ya masafa ya televisheni wimbi moja lina urefu wa karibu sentimita 52, na kila mkono wa antena hutakiwa kuwa robo yake.

Nina tahadhari moja ambayo naomba isipuuzwe. Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Wingu likikaribia, chomoa waya wa antena kwenye kipokezi, na kipokezi kwenye kompyuta, ungali na nafasi. Usingoje radi ya kwanza.

Kukitambulisha kipokezi kwa Linux

Sasa tuingie ndani ya kompyuta. Linux, ambayo chimbuko lake ni kazi aliyoianza Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, ina sehemu ya katikati iitwayo keneli, ambayo ndiyo inayozungumza na vifaa. Kila kifaa huhitaji draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha keneli lugha ya kifaa hicho. Katika Linux draiva nyingi za vipokezi zimekwisha kuwekwa ndani ya keneli yenyewe, kwa hiyo hakuna sidii ya kuingiza wala faili la kupakua.

Fungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uchomeke kipokezi, kisha uandike:

`lsusb`

Kompyuta itaorodhesha vifaa vyote vya USB. Kipokezi chako kitakuwa na namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili. Kwa mfano, vile vya Realtek vya DVB-T tu huonekana aghalabu kama 0bda:2838, na kile cha Astrometa cha T2 huonekana kama 15f4:0131. Namba hizo ndizo utambulisho wa kweli wa kifaa, kuliko jina lililopigwa chapa juu ya ganda, ambalo kiwanda hubadilisha kitakavyo. Kisha andika:

`sudo dmesg | grep -i dvb`

Amri hii huonyesha yale ambayo keneli imeyasema kuhusu televisheni tangu kompyuta ilipowashwa. Kwa Astrometa utasoma mstari unaotaja dvb_usb_v2 na kutangaza kwamba kifaa kimepatikana. Ukiuona mstari wa namna hiyo, furahi, kwani sharti la tatu limekaribia kutimia.

Limekaribia tu, kwa kuwa baadhi ya chipu huamka zikiwa tupu na huhitaji kulishwa programu yao ya ndani kila zinapochomekwa. Programu hiyo ni faili ambalo keneli hulitafuta katika folda ya /lib/firmware. Kwa Astrometa yenye chipu ya MN88473 faili huitwa dvb-demod-mn88473-01.fw. Faili lisipokuwapo, dmesg italitaja kwa jina na kusema imeshindwa kulipakia, kwa namba ya kosa -2, ambayo maana yake ni kwamba faili halikupatikana. Dawa ni kulitafuta faili lenye jina lile lile, herufi kwa herufi, kuliweka katika folda hiyo, kisha kuchomoa kipokezi na kukichomeka upya.

Yakiisha hayo, thibitisha kwa amri hii:

`ls /dev/dvb/adapter0`

Majina kama frontend0, demux0 na dvr0 yakitokea, kipokezi kimekubaliwa. Frontend ndiyo sehemu inayokamata mawimbi, demux hutenganisha idhaa zilizofungwa pamoja, na dvr hutoa picha na sauti kwa programu za kutazamia. Endapo programu zitakataa kwa kudai huna ruhusa, jiandikishe katika kundi la video, kisha utoke na kuingia upya:

`sudo usermod -aG video $USER`

*Kwa ufupi:* lsusb huonyesha kama kifaa kimefika, dmesg huonyesha kama kimeeleweka, na /dev/dvb huonyesha kama kiko tayari kwa kazi.

Kutafuta idhaa

Kwa wenye Ubuntu au Debian, programu zinazohitajika hupatikana kwa amri moja:

`sudo apt install dvb-tools kaffeine vlc`

Kabla ya kutafuta chochote, iulize kompyuta kama kipokezi kinaijua T2:

`dvb-fe-tool -a 0`

Tazama orodha ya mifumo kinayoikubali. Ikiwa DVBT2 haimo, usikate tamaa mara moja, kwa sababu vipokezi vyenye chipu mbili huwa na frontend mbili. Ongeza `-f 1` mwishoni mwa amri hiyo uone ya pili inasemaje. Ikiwa na huko haimo, basi kipokezi hicho si cha T2, na hakuna amri itakayokigeuza.

Masafa ya televisheni ya minarani yamegawanywa katika njia zenye upana wa megahezi 8, kuanzia njia ya 21 hadi ya 48, jumla yake 28. Kuijua katikati ya njia yoyote ni hesabu ya mtoto wa shule: zidisha namba ya njia kwa 8, ujumlishe 306. Njia ya 21 ni 168 na 306, yaani megahezi 474. Njia ya 48 ni megahezi 690. Fungua faili jipya, uliite tafuta.conf, uandike:

`[CHANNEL]`
`DELIVERY_SYSTEM = DVBT2`
`FREQUENCY = 474000000`
`BANDWIDTH_HZ = 8000000`

Rudia fungu hili kwa kila njia, ukibadilisha masafa tu, kwa kuongeza 8000000 kila mara mpaka ufike 690000000. Kisha uamuru:

`dvbv5-scan tafuta.conf`

Kama T2 ilionekana kwenye frontend ya pili, ongeza `-f 1` katika amri hii na katika zile zinazofuata. Kompyuta itapita njia moja baada ya nyingine. Penye ukimya, itasonga mbele. Penye maltipleksi, itasimama, iandike neno Lock, ambalo maana yake mawimbi yameshikwa, kisha iorodheshe majina ya idhaa. Mwisho wake huandika faili liitwalo dvb_channel.conf, ambalo ni mavuno yako: litunze. Asiyependa amri za maandishi aweza kufanya utafutaji huo huo ndani ya Kaffeine, ambayo ina dirisha lake la kutafuta idhaa na kuzitazama.

Kwa kurekebisha antena, chagua idhaa moja katika faili lile, ukiiandika kama ilivyoandikwa humo, mathalan:

`dvbv5-zap -c dvb_channel.conf "TBC1"`

Utaona kipimo kiitwacho C/N, yaani tofauti iliyopo baina ya mawimbi na kelele. Kadiri namba yake inavyopanda ndivyo hali inavyokuwa njema. Mtu mmoja apande juu aizungushe antena polepole, mwingine akae ndani asome namba kwa sauti, na kila baada ya mzunguko mdogo wasubiri kidogo, kwa sababu kipimo huchelewa. Usihukumu kwa picha. Picha ya dijitali haina chenga za kukuonya: huwa safi kabisa mpaka mawimbi yafikie mpaka wao wa chini, kisha huganda au hukatika ghafla. Namba ndiyo inayokwambia umebakiza akiba kiasi gani kwa ajili ya siku ya mvua.

Idhaa iliyofungwa

Tumefika kwenye sharti la nne, lenye kuleta malalamiko mengi. Baada ya kutafuta, mtu huona majina ya idhaa nyingi, lakini baadhi yake hazitoi picha wala sauti, ingawa mawimbi yamekamatwa barabara. Sababu yake ni kwamba zimefungwa kwa ufunguo, na ufunguo huo huwa ndani ya king'amuzi cha kampuni au kadi yake. Kipokezi cha USB hakina ufunguo huo, na kuzivunja kufuli hizo ni kinyume cha sheria na kinyume cha haki ya waliotengeneza vipindi.

Msomaji aelewe tofauti hii vizuri. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa leseni za kujenga mitambo ya kurushia kwa makampuni matatu, Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions, na ikazitambua baadhi ya idhaa za nyumbani kuwa za kutazamwa bila malipo ya kila mwezi. Mwaka 2018 ikavizuia hata ving'amuzi vya setilaiti kuzibeba idhaa hizo, kwa hoja kwamba leseni za kampuni zenye ving'amuzi hivyo hazikuruhusu jambo hilo. Lakini idhaa kuwa ya bure kwa mwenye king'amuzi si lazima iwe wazi hewani kwa kila kifaa. Utafutaji wako mwenyewe, mahali ulipo, ndio shahidi. Katika dirisha la idhaa la Kaffeine kuna alama ya kuchagua zile zilizo wazi tu. Itumie, nawe utajua hali halisi kwa dakika chache.

Kurekodi

Kompyuta hupita televisheni ya kawaida kwa jambo hili, kwamba yaweza kuandika kipindi katika diski yake kama kilivyorushwa. Amri ifuatayo hurekodi nusu saa, yaani sekunde 1,800:

`dvbv5-zap -c dvb_channel.conf -p -o habari.ts -t 1800 "TBC1"`

Faili la habari.ts hufunguka kwa VLC. Mwalimu aweza kuhifadhi kipindi cha masomo akakitazama upya anapoandaa somo. Kwa matumizi yako binafsi nyumbani hilo ni jambo la manufaa. Bali anayetaka kuonyesha rekodi kwa kiingilio, kama ifanywavyo katika vibanda umiza, ajue kwamba hapo anahitaji ruhusa ya wenye haki.

Mambo yakikataa, anzia wapi?

Kanuni ni moja: fuata njia ya mawimbi kwa mpangilio, usiruke hatua.

1. lsusb haikionyeshi kipokezi: badilisha tundu la USB au waya wa kurefushia, kikikataa hata kwenye kompyuta nyingine, kifaa ni kibovu.
2. lsusb inakionyesha lakini /dev/dvb haipo: draiva haipo katika keneli yako, weka toleo jipya la Linux, au tafuta namba ya kifaa ujue kama kinakubalika.
3. dmesg inataja faili lililokosekana: liweke katika /lib/firmware.
4. Kila kitu kipo lakini hakuna Lock hata moja: hakikisha faili la kutafutia linasema DVBT2, kisha geukia antena.
5. Lock ipo, idhaa haina picha: idhaa imefungwa.
6. Picha inaganda: inua antena, punguza viungo vya waya, ondoa kipokezi karibu na chaja na taa.

Mwenye kuifuata orodha hii hatanunua kipokezi cha pili wakati tatizo ni antena, wala hatapanda juu ya paa wakati tatizo ni faili moja dogo.

Hukumu yangu juu ya swali lililofungua sura hii ni kwamba kipokezi cha USB ni kitu cha kununuliwa na mtu aliyekwisha kuhakikisha mambo mawili: kwamba jirani yake anapata mawimbi ya mnara kwa antena ya nje, na kwamba katika mawimbi hayo zimo idhaa zilizo wazi. Aliyeyapata hayo mawili atafanikiwa kwa gharama ndogo. Asiyeyapata, dishi na king'amuzi vitamfaa zaidi, wala asione haya kuvichagua. Na wewe utakayefanikiwa, iwe Bukoba, Muleba, Kamachumu au visiwani, andika kwenye karatasi namba za njia ulizozipata, upande ulikoelekeza antena na idhaa zilizokuwa wazi, kisha ibandike karatasi hiyo mahali ambapo jirani yako ataisoma, ili naye asianze safari hii gizani.